Jina Lisilokemewa

Mlinipa begi la safari, lile la magurudumu. Nililipokea kwa mikono miwili nikitabasamu, mkadhani nimefurahi. Jamani, miaka yote tumekaa chumba kimoja tukiwachamba watoto wale wale, na bado hamnijui? Mimi nikiipita Tengeru kuelekea mjini najihesabu msafiri, na Krismasi nikienda Engutoto kwa dada yangu huwa naulizia usafiri wa kurudi kabla sijavua viatu. Begi liko chini ya kitanda hapa Akheri, limejaa mablanketi. Asanteni sana.

Siku hiyo ya kuniaga, nilipostaafu, mliniomba niseme neno kwa ajili ya walezi wapya. Nilisimama, nikalia, nikakaa. Neno lenyewe ndilo hili ninaloliandika sasa jikoni kwangu, mahali ambapo ningekuwa nimekaa tangu zamani kama watu wangeniacha.

Habari za vyeo msizisubiri. Vyeo vyangu vilikuwa vitatu, na vyote nilipewa na watoto: niliingia nikiitwa Dada Penda, nikawa Mama Penda, nikatoka Bibi Penda. Hakuna hata kimoja kilichopunguza uzito wa sufuria ya uji.

Nilifika shamba la maua pale Usa River nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja tu, kisha akaenda kulisha ng'ombe. Nilitaka kazi ya kukata waridi. Niliitaka kwa sababu maua hayasemi, na kwa sababu basi la shamba lilikuwa likirudisha watu nyumbani mapema. Asubuhi ya kwanza nikaingia bandani, na kabla sijafika kwenye mstari wangu nikaanza kupiga chafya. Nilipiga chafya mpaka waliokuwa wakinipa pole wakachoka. Msimamizi wa wakati huo akanitazama, akasema, "Huyu mpelekeni nasari. Huko hata akipiga chafya hakuna kitakachopukutika."

Basi. Wengine huitwa kwenye ulezi na Mungu; mimi niliitwa na vumbi la maua.

Nasari mnaijua: chumba kirefu, magodoro, mlango wa nusu ambao mama anauegemea na mtoto anaona kichwa chake tu. Bomba la nje lilikuwepo tangu siku hizo, na sheria yake ni ile ile. Mama akitoka bandani anavua gauni la kazi, ananawa mpaka kwenye viwiko, ndipo anashika mtoto. Mkiona mama anaruka bomba, mrudisheni, hata kama mtoto analia kwa uchungu namna gani. Dawa ya maua siyo poda.

Mlezi mkuu alikuwa Mama Kaanaeli, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeomba radhi kanisani kwa kuchelewa. Kabla jua halijakolea siku ile ya kwanza, mtoto mmoja alijitupa chini kwa sababu nilimwekea uji kwenye kikombe cha bluu badala ya chekundu. Nilifanya kila nilichojua. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamletea hicho chekundu, nikambeba. Akaning'ata bega. Mama Kaanaeli akatoka jikoni na ungo wa maharage, akaketi sakafuni karibu na yule mtoto, akampa ubavu, akaanza kuchambua mawe.

"Mama, huyu mtoto analia," nikasema.

"Namsikia. Hata Moshi wanamsikia."

"Sasa tufanye nini?"

"Wewe watoe wenzake nje. Mimi nipo hapa."

"Lakini unachambua maharage!"

"Ndiyo. Mimi simo kwenye ugomvi huu, Dada Penda, nimo kwenye maharage. Akimaliza atanikuta."

Nilidhani ni uvivu, na kwa kuwa uvivu naufahamu, niliuheshimu. Yule mtoto alipiga kelele, akapunguza, akaanza tena kuona kama kuna anayegeuka, halafu akajiburuta taratibu mpaka paja lake likagusa paja la Mama Kaanaeli. Mama akaendelea na maharage. Baadaye kidole kidogo kikaingia kwenye ungo na kutoa jiwe moja. "Asante," Mama akasema, kana kwamba walikuwa wakifanya kazi hiyo pamoja tangu asubuhi.

Kwa miaka mingi nilijifunza kwake, na aliposhindwa kupanda basi kwa sababu ya magoti akaniachia nasari pamoja na ungo. Niliyoyapata kwake ni haya. Hasira kali ya mtoto ina mlango wake wa kuingilia. Ukiwa macho utauona. Mmoja husugua unyayo sakafuni, mwingine hunyamaza ghafla katikati ya wimbo. Hapo ndipo mpe maji, mpe kazi, mtoe kwenye kelele. Ikishaingia usiulize kwa nini, maana hata yeye hajui, na swali humwongezea mzigo. Toa watoto wengine, acha yeye. Ondoa kinachovunjika. Kaa karibu, sema maneno machache, na yawe yale yale. Usimtishie daktari wa sindano, siku moja atamhitaji huyo daktari. Usicheke. Kicheko chako ndiyo petroli. Na ikishaisha, usifungue kesi upya ili kuonyesha ulikuwa sahihi. Mpe maji mengine, mpanguse uso, mwendelee.

Nilijiona fundi sasa. Ndipo akaja Anasia.

Alikuwa na miaka minne, mdogo wa umbo, macho makubwa, nywele zimesukwa vizuri. Mama yake, Neema, alikuwa mkataji wa waridi, mwanamke mpole aliyeolewa Akheri, juu kidogo ya kwangu. Mumewe aliendesha lori la mchanga na alionekana nyumbani kama mgeni wa harusi. Neema aliishi na mama mkwe, mwanakwaya mzee wa usharika wetu, mtu ambaye akikohoa kwenye ibada hata mchungaji hukagua alichosema.

Anasia akikasirika hakuwa analia, alikuwa anapigana na dunia. Alirusha vikombe, alivuta nywele, aligonga kisogo sakafuni mpaka nikawa namwekea godoro. Nilipokaa na ungo wangu siku ya kwanza, aliupiga teke. Maharage yaliruka mpaka kwenye uji. Tuliyaokota kwa magoti, mimi na mlezi mwenzangu, na Anasia akasimama akitutazama kama msimamizi.

Hata hivyo nilirudi na ungo kesho yake, na keshokutwa. Taratibu akaanza kupungua. Hasira zilikuja, ila zilikuwa fupi, na mwisho wake akawa anakuja kukaa karibu. Kilichonishangaza ni jioni. Neema akitokeza tu kichwa pale mlangoni, Anasia anaanguka kama gunia, na yote tuliyojenga mchana kutwa yanabomoka.

"Pole Bibi," Neema anachuchumaa. "Basi Bibi. Unataka nini, Bibi? Chukua simu, Bibi."

Anapigwa kofi la uso na mtoto, anasema, "Samahani, Bibi."

Sisi walezi tulikuwa tunacheka kwa siri. Tukawa na sisi tunamwita Bibi. "Bibi amekunywa uji?" "Bibi amelala?" Mtoto wa miaka minne, ana cheo ambacho mimi nilikuwa bado nakisubiri.

Mwezi wa Februari, wenzetu wa Ulaya wanapopendana kwa waridi na sisi huku tunakosa hata muda wa kujikuna, mambo yakaharibika. Mabanda yalikuwa yamejaa, akina mama wamechoka, watoto wanachelewa kuchukuliwa. Jioni moja Anasia alirusha kikombe cha bati, kikampata mwenzake kwenye paji la uso. Damu ya paji la uso ni nyingi kuliko jeraha lenyewe, lakini mweleze hivyo mama anayeiona. Asubuhi akina mama walikuwa wamekusanyika kwa Bwana Urio, msimamizi wetu.

Bwana Urio hakuwa mtu mbaya. Aliniita, akasema, "Mama Penda, wanasema ama mtoto wa Neema atoke, ama wao watawatoa wa kwao. Nifanye nini?"

"Anapungua, Bwana Urio."

"Anapungua huku anarusha vikombe? Tumalize msimu huu. Ukiisha nitakuja kuangalia mwenyewe wakati wa kuondoka. Kama bado yuko hivi, mama yake amtafutie mahali pengine."

Mahali pengine hapakuwepo. Mama mkwe alikuwa na nyonga mbovu, hakuweza kumkimbilia mtoto. Neema akikosa nasari, kazi imekwisha. Nilipomwambia alikaa kwenye benchi la nje, gauni lake bado mkononi.

"Mama Penda, mimi nikiwa huku ni Neema," akasema. "Watu wananiita Neema, ananisifu mtu kwamba Neema unakata vizuri. Nikirudi kukaa kule nitakuwa mkamwana kuanzia asubuhi mpaka nalala."

"Basi tumsaidie mtoto. Kwanza, wewe kwa nini humwiti jina lake? Akiwa kule ndani kwenye hasira, jina lake ndiyo kamba. Mimi namwita, anasikia. Wewe unamwita Bibi Bibi."

Neema akatazama nyuma, hakukuwa na mtu, bado akashusha sauti. "Mama, si ni jina la mama mkwe."

Nyinyi wa mjini nisikilizeni hapa. Kwetu mlimani, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Na kwa nyumba zilizoshika mila, mkamwana aliyelelewa hatamki jina la mama mkwe wake. Mila zote mbili nimezikuta, na kila moja peke yake haina matata. Sikuwahi kukaa nikafikiria siku zinapokutana chini ya bati moja.

"Kwa hiyo hujawahi kumwita?"

"Tangu azaliwe. Na nikimwambia, wewe Bibi acha ujinga, mwenyewe yupo jikoni anasikia. Hapo nimemtukana nani?"

Jamani, nilitaka kucheka, nikakumbuka habari ya petroli. Mtoto alikuwa anabeba heshima ya mtu mzima nyumba nzima, na hakuna aliyeweza kumwambia hapana kwa sababu kumwambia yeye hapana ni kumwambia mama mkwe. Mtoto mwenye hasira ndogo angefurahia. Mwenye hasira kubwa anaogopa, maana anafika ukingoni na hakuna wa kumshika.

Jumamosi nikafanya jambo ambalo wanaonijua hawaliamini: nilivaa viatu na kwenda kwa watu. Nilibeba sukari na majani ya chai, nikapanda njia ya kahawa mpaka kwa mama mkwe wa Neema, nikijilaumu kila hatua.

"Shikamoo, mama," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Penda? Wewe umetoka nyumbani? Kuna msiba?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kuwasalimia."

"Basi dunia inaisha. Ingia."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, fimbo magotini, kilemba cheupe. Neema akaleta loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando, kwenye vikombe, akaketi pembeni karibu na mlango. Anasia mdogo alikuwa akicheza na kisu cha ndizi. Neema akakiona, akakichukua taratibu. Mtoto akajitupa chini. Akapiga teke meza, loshoro yangu ikamwagika kwenye sketi, sketi ya kanisani hiyo.

"Pole Bibi," Neema akaanza. "Tafadhali, Bibi."

Bibi mwenyewe akacheka kwa furaha. "Mwone! Damu yangu hiyo. Hapangiwi huyo!"

"Mama," nikasema, na kama si ile sketi nisingepata ujasiri, "msimu ukiisha wanamfukuza. Na Neema ataacha kazi."

Kicheko kikakatika. "Nani anamfukuza mtoto mdogo?"

"Anaumiza wenzake. Na yeye mwenyewe anaumia. Tazama anavyogonga kichwa."

Akatazama. Nadhani mara zote alikuwa akitazama hasira, siku ile akatazama mtoto. Anasia alikuwa amejikunja kwenye mguu wa meza, anahema, amefumba macho, amekaza vidole.

"Na mimi nilikuwa hivyo," akasema polepole.

"Walikufanyaje, mama?"

"Baba alinichapa. Haikusaidia, nilimng'ata." Akapiga fimbo sakafuni kidogo. "Mama yangu alikuwa ananishika hapa mabegani, ananiita. Anasia. Anasia. Hapandishi sauti. Kama mtu anayeita ndama aliyeingia kwenye migomba. Nikawa nasikia kwa mbali, halafu karibu. Nikirudi ananiambia, sasa kaokote ulivyorusha."

Mama mkwe akamgeukia Neema. "Wewe, mwite."

Neema akavuta kanga mpaka kwenye mdomo, akatikisa kichwa.

"Mwite jina."

"Siwezi, mama."

"Mimi ndiye ninayekwambia."

"Siwezi, mama. Mbele yako siwezi."

Wangebishana mpaka kesho, mmoja anaamuru na mwingine anatii kwa kukataa. Nilitazama sketi yangu. Kisha yule mzee akafanya kitu ambacho sijakiona kwenye semina yoyote, ingawa nakiri semina nyingi nilizikwepa. Akaegemea fimbo, akainuka na nyonga yake mbovu, akakataa mkono wangu.

"Mimi naenda kwenye migomba," akasema. "Nikiwa kule sisikii."

Akatoka. Tukaona kilemba chake kikipita dirishani, kikaingia kati ya majani, kikasimama. Neema akanitazama. Nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Akapiga magoti, akamshika mabegani, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

"Anasia."

Hakuna kitu.

"Anasia. Nipo hapa. Anasia."

Mtoto akafumbua macho. Hakuwa ametulia, msinielewe vibaya, alimpiga tena mama yake begani. Ila alikuwa anamtazama. Alitazama mdomo wake, kama mtu aliyesikia redio ikitaja kijiji chao.

"Hatupigi, Anasia. Kisu hapana. Nipo hapa."

Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo tu, maneno machache, yale yale. Halafu kilio kikageuka kikawa kilio cha kawaida, kile chenye machozi, na mtoto akaweka uso kwenye shingo ya mama yake. Huko nje, mzee alikuwa bado amesimama kati ya migomba ametupa mgongo, anakagua mkungu ambao haukuwa na haja ya kukaguliwa.

Kuanzia hapo wakawa na utaratibu wao. Mtoto akianza, mama mkwe anashika fimbo, anakwenda kwenye migomba asisikie. Neema aliniambia wiki ya kwanza mzee alishinda huko, majirani wakadhani wamegombana. Akinyeshewa anarudi akisema, "Mtoto wako ataniua kwa mvua." Mtoto wako. Neema alinirudilia maneno hayo kwenye bomba, anajinawa viwiko, hataki kutabasamu na hawezi kujizuia.

Na sisi nasari tukaacha kumwita Bibi. Niliwaambia walezi wenzangu: utani umekwisha, huyu ana jina na jina ni lake. Hasira hazikuisha. Atakayewaambia kuna dawa ya kuzimaliza, mkagueni mfukoni anauza nini. Zilikuja chache, zikawa na mwanzo na mwisho, na vikombe vikabaki mezani. Lakini pale mlangoni jioni, Neema bado alikuwa akimnong'oneza sikioni. Wanawake wa mlimani walikuwa wamejaa, wote wanajua mama mkwe wake anaitwa nani. Na mnong'ono, kwa mtoto anayepiga kelele, ni sawa na kutosema.

Msimu ukaisha. Bwana Urio akaja kama alivyosema, akasimama karibu na bomba, mikono nyuma. Akina mama walikuwa wanavua magauni, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka kwenye bati. Yule mama wa mtoto aliyeumia paji la uso alikuwepo pia. Neema akatokeza mlangoni, na Anasia, ambaye alikuwa ameshinda vizuri kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kujisifu, akajitupa chini.

Alianza kupiga miguu. Neema akachuchumaa kwenye sikio lake, akanong'ona. Mtoto akapandisha sauti. Neema akanong'ona tena. Nilimwona Bwana Urio akiangalia saa yake, kisha akiangalia chini, kama mtu anayetafuta maneno mazuri ya jambo baya.

Neema akainuka. Akarudi mlangoni, akasimama wima, kanga imeanguka shingoni, akasema kwa sauti iliyofika bandani, "Anasia!"

Wanawake wote wakageuka. Kuna aliyeshika mdomo.

"Anasia, nipo hapa. Hatupigi. Simama twende."

Miguu ikasita. Akalia, akapiga sakafu kwa kiganja mara moja, akatazama juu. Mama yake alikuwa amenyoosha mkono, hauendi mbele wala haurudi. Anasia akajiinua kwa mikono, makamasi mpaka kidevuni, akatembea na kilio chake mpaka mlangoni, akaushika mkono ule.

"Neema!" mwanamke mmoja wa kufungasha maua akasema. "Umemtaja mama mkwe wako mbele za watu!"

Neema alikuwa anampangusa mtoto uso kwa ncha ya kanga. Hakugeuka. "Nimemwita mwanangu," akasema. "Mama mkwe yuko Akheri, hasikii."

Bwana Urio, ambaye na yeye ana wakwe zake huko Poli na heshima zake zote, akakohoa, akakunja miwani yake.

"Kesho mvalishe mabuti," akamwambia. "Mvua zimeanza."